Chumba cha Injini na Historia ya Msamiati wa Ufundi katika Kiswahili

Utangulizi

Historia ya msamiati wa Kiswahili imezoeleka kuandikwa kwa kutazama bandari, soko, msikiti na ofisi. Wataalamu wameeleza kwa kirefu jinsi maneno yenye asili ya Kiarabu yalivyoingia pamoja na dini na biashara, jinsi Wareno walivyoacha maneno kama *meza* na *bendera*, na jinsi Kiingereza kilivyofuata nyayo za utawala na shule. Mahali pamoja hapajapewa haki yake katika maelezo hayo, napo ni karakana. Fundi wa magari ametaja, amefundisha na amebishana kwa Kiswahili juu ya vyuma kwa miongo mingi, wala hakungoja kamati yoyote imtafutie istilahi.

Makala haya yanakusudia kuitazama karakana kwa njia ya kazi moja mahususi, nayo ni kukitengeneza upya chumba cha injini cha gari la zamani baada ya injini na viungo vyake kuondolewa. Kazi hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, inamlazimu fundi kutaja kila kitu, kwani akitoacho hana budi kukipa jina ili mwanagenzi aweze kukirudisha mahali pake. Pili, kazi yenyewe hupitia hatua zinazojulikana, yaani kufungua, kusafisha, kuziba, kupaka na kufunga, na kila hatua imehifadhi tabaka lake la maneno. Rai inayotetewa hapa ni kwamba msamiati wa karakana si lundo la maneno ya Kiingereza yaliyovunjwavunjwa, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Ni jengo lililojengwa kwa matabaka, na nguzo zake, yaani vitenzi na sarufi, ni za Kiswahili chenyewe.

Kutoka jahazi hadi motokaa

Neno *gari*, ambalo asili yake ni lugha za Bara Hindi, lilikuwapo katika Kiswahili kabla ya motokaa. Palikuwa na gari la ng'ombe, gari la farasi, kisha gari la moshi. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo. Miongoni mwao walikuwamo mafundi wa chuma, na baadhi yao walibaki. Katika mazingira hayo haishangazi kwamba mahali pa kazi palikuja kuitwa *karakana*, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo hutumika pia Bara Hindi.

Hata hivyo, reli haikuikuta pwani ya Afrika Mashariki ikiwa haina ufundi wala istilahi zake. Fundi wa jahazi alikuwa na hazina kubwa ya maneno ya kazi. *Usukani*, ambao leo ni gurudumu alishikalo dereva, ulikuwa kwanza chombo cha kugeuzia jahazi, na asili yake ni Kiarabu. *Kapi* lililovuta tanga ndilo linaloinua injini kwa mnyororo. *Msumari* ni la Kiarabu. *Parafujo* ni la Kireno. *Bomba*, nalo la Kireno, lina historia ya kupendeza zaidi. Lilitumika kwa chombo cha kuvutia maji na kwa mfereji wa kuyapitishia pia. Lilipokuja neno *pampu* kutoka Kiingereza, maneno hayo mawili hayakuuana bali yaligawana kazi: *bomba* likaelekea zaidi kwenye mfereji, na *pampu* likachukua kile kinachosukuma. Katika chumba cha injini, pampu ya maji na bomba la maji hukaa bega kwa bega, na hapana fundi anayechanganya viwili hivyo.

*Mtambo* nao ulisafiri. Katika kamusi za awali ulihusu chuma chenye mkazo kinachofyatuka, kama cha bunduki au cha saa. Baadaye ukapanuka ukawa ni mashine yoyote. Kwa ufupi, motokaa ilipokuja ilikuta vyumba vimekwisha andaliwa. Ililohitaji ni majina ya viungo vyake vya ndani tu.

Majina hayo mengi yalienea wakati wa vita. Katika Vita vya Pili vya Dunia, 1939 hadi 1945, askari wa King's African Rifles walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma, na Waafrika wengi walifunzwa udereva na ufundi wa magari katika vikosi vya Afrika Mashariki. Kiswahili kilikuwa lugha kubwa ya kambi. Vitabu vya mitambo vilikuwa vya Kiingereza. Katikati ya lugha hizo mbili palikuwa na nafasi ya maneno kama *spana, jeki, nati, bolti, gia, breki, klachi, kabureta* na *rejeta* kuimarika. Baada ya vita, baadhi ya waliofunzwa hivyo walirudi na ujuzi wao mijini. Nairobi, barabara iliyoitwa Grogan, na ambayo sasa ni Kirinyaga, ilipata sifa kwa gereji na maduka ya vipuri.

Mashindano ya Safari yaliipa kazi hiyo heshima mpya. Yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Na katika mwaka wa kwanza na wa mwisho kati ya hiyo, ni magari 7 tu yaliyomaliza. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo ilikwisha tumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Ushindi huo uliwaonyesha watu wengi kwamba gari lililochoka, likifunguliwa na kufungwa na mikono inayojua, linaweza kulishinda jipya. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na hivyo kazi ya kufufua magari ya aina hiyo haijaisha.

Kufungua: kauli ya kutendua

Tuseme gari liliopo karakana ni hiyo Peugeot 404, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, yenye injini ya sentimita za ujazo 1618 iliyolazwa upande kwa nyuzi 45. Fundi huanza kwa kuondoa betri, kisha humwaga maji ya rejeta na oili, huchomoa nyaya na kuzifunga vikaratasi vya alama, hufungua bolti za kushikia injini, na hatimaye *hushusha injini*.

Usemi huu wa mwisho unastahili kutazamwa. Injini ya gari la namna hii haishuki. Huinuliwa kwa mnyororo na kapi, ikapita juu ya gadi ya mbele, ndipo ikawekwa chini. Lakini fundi husema *kushusha*, na itakaporudi atasema *kupandisha*. Matumizi haya yanalingana na yale ya bandarini, ambako shehena huinuliwa kutoka tumboni mwa jahazi na kazi yote ikaitwa kushusha. Kiswahili hapa hakitaji njia ambayo mzigo umepitia. Kinataja uhusiano kati ya chombo na mzigo wake. Fundi asiyewahi kuliona jahazi ameirithi fikra hiyo kamili.

La muhimu zaidi ni umbo la vitenzi vyenyewe. Kazi ya kuvunja na kujenga upya ni kazi ya kutenda na kutendua, na Kiswahili kina kauli maalumu kwa jambo hilo. *Funga* huzaa *fungua*. *Ziba* huzaa *zibua*. *Chomeka* hukabiliana na *chomoa*, *pachika* na *pachua*, *bandika* na *bandua*, *funika* na *funua*. E. O. Ashton aliieleza kauli hii katika *Swahili Grammar* ya mwaka 1944, na tangu hapo haikosekani katika vitabu vya sarufi. Lakini mwanafunzi wa chuo huikuta katika orodha ya mifano iliyokauka, ilhali mwanagenzi wa karakana huitumia tangu asubuhi hadi jioni. Kabureta iliyoziba huzibuliwa, kifuniko cha vali hufunuliwa, gasketi iliyogandamana hubanduliwa. Hapana neno moja la kigeni linalohitajika ili kueleza kinyume cha tendo. Mzizi ule ule, kwa kiambishi kidogo tu, humrudisha fundi alikotoka.

Kusafisha: kutu, magadi na msasa

Injini ikishatoka, chumba kilichobaki huonyesha maradhi yaliyokuwa yamefichwa. Mafuta na vumbi vimeshikana vikawa kama lami. Chini ya sahani ya betri, asidi imekula rangi na kuanza kula bati. Karibu na silinda kuu ya breki, mafuta ya breki yaliyovuja yameivua rangi, kwa maana aina iliyozoeleka ya mafuta hayo huiyeyusha. Mahali pengine ni *kutu*, neno fupi ambalo fundi hulitamka kama daktari atamkavyo jina la ugonjwa.

Dawa ya asidi ya betri ni kitu kinachoipinga, na fundi wa Kenya anacho karibu. Magadi, yaliyolipa jina ziwa la Magadi, huyeyushwa katika maji na kumwagwa mahali palipoathirika. Povu hutoka, na povu likikoma asidi imekwisha kutulizwa. Ndipo pahali pale huoshwa kwa maji mengi na kukaushwa. Mama anayetia magadi katika mboga na fundi anayeyatia chini ya betri hutumia neno moja kwa kazi mbili. Mwalimu wa kemia anayetafuta mfano wa kufundishia asidi na besi kwa Kiswahili angeweza kuanzia hapo.

Kisha huja *msasa*. Leo neno hili hutaja karatasi yenye mchanga, na wengi hudhani ni istilahi ya kisasa. Ukweli ni kwamba msasa ni mti, ambao majani yake yana ukwaruzo, na mafundi wa mbao waliyatumia majani hayo kulainishia kazi zao kabla karatasi ya kiwandani haijafika. Karatasi ilipokuja ilirithi jina la jani kwa sababu ilifanya kazi ya jani. Huu ni mfano bora wa lugha kutokopa pale ambapo haina haja ya kukopa. Jina lilitolewa kwa kutazama kazi, na kitu kipya kikaingizwa katika ukoo wa zamani.

Kuziba: tundu na sababu yake

Baada ya kusafisha, matundu huonekana. Mengine yametobolewa na kutu. Mengine yalitobolewa na wenye gari wa zamani waliofunga honi ya ziada au taa za ukungu, kisha wakaziondoa. Mengine yaliwekwa na kiwanda. Hapa ndipo hekima ya fundi hupimwa.

Sehemu iliyooza hukatwa mpaka bati zima lifikiwe, kwani kiraka kilichoshonwa juu ya kutu hakidumu. Kiraka hukatwa kwa bati la unene ule ule, karibu milimita 1, kisha *huchomelewa*. Kitenzi hiki kimejengwa kwa vifaa vya nyumbani: *choma*, *chomea*, *chomelea*. Kwa kurefusha mzizi, lugha imetoka katika moto wa kawaida hadi moto unaounganisha chuma na chuma. Kando yake lipo *kulehemu*, lenye asili ya Kiarabu, ambalo hutumika zaidi pale ambapo madini laini huyeyushwa ili yashike mengine. Tundu dogo la bolti huzibwa kwa kuweka nyuma yake kipande cha shaba nyekundu, ambacho hakishikamani na chuma kinachoyeyuka, na tundu likajaa bila kutoboka upya. Katika magari ya zamani *risasi* pia ilitumika kusawazishia maungio, na fundi mwangalifu huyaogopa mavumbi na moshi wake. Kwa sababu hiyo hiyo ya uangalifu, moto hauwashwi kabla tangi la petroli na betri kuondolewa.

Lakini si kila tundu ni kosa. Chini ya kioo cha mbele, na katika pembe za chumba cha injini, magari mengi yana vijitundu vya kutolea maji ya mvua. Mwanagenzi mwenye bidii, akitaka kazi yake ing'ae, huvichomelea vyote. Chumba hupendeza siku ya kwanza. Baada ya masika mawili maji yaliyokosa njia yameozesha bati kwa ndani, na uharibifu ni mkubwa kuliko ule wa awali. Vivyo hivyo tundu ambamo nyaya hupita kwenda kwa dereva lazima lirudishiwe pete yake ya mpira, la sivyo ukingo wa bati utakata nyaya. Fundi mzee kwa hiyo huuliza kwanza tundu lilikuwa la nini, ndipo aamue kuliziba au kuliacha.

Kupaka na kufunga: jinsi neno geni linavyopewa makao

Rangi hupigwa kwa tabaka, kwanza praima, kisha rangi yenyewe. Fundi husema *kupiga praima, kupiga rangi, kupiga msasa, kupiga jeki, kupiga stata*. Aidha husema *kutia gia, kushika breki, kukanyaga klachi*. Mkabala huu ni wa maana kubwa kwa mtafiti. Nomino ya kigeni huingia, lakini aghalabu haiingii na kitenzi chake. Hukabidhiwa kitenzi cha Kiswahili kiitumikishe. *Breki* ni ya Kiingereza, ila mtu anayeishika anaishika kwa Kiswahili. Hata tabia za mashine husemwa kwa vitenzi vya mwili na jikoni: gari hula mafuta, injini hukohoa, rejeta huchemsha, betri hufa.

Ngeli nazo zimefanya kazi yake. Maneno kama *injini, betri, gia* na *kabureta* yaliingia katika ngeli ya I-ZI, ambayo huwapokea wageni wengi bila kuwadai viambishi. Mengine yalichanganuliwa upya. Neno la Kiingereza la bati linalozuia matope lilisikika kama *madigadi*. Wasemaji wakaona ndani yake kiambishi *ma-* cha wingi, wakatoa umoja *digadi*. Hali kadhalika alama ya njia panda ya mviringo iliitwa *kipilefti*, wingi *vipilefti*, kwa mfano wa kiti na viti. Wako waliocheka maneno hayo wakiyaita makosa ya wasiosoma. Kisarufi hayana kosa. Msemaji aliyefanya hivyo aliifuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu kuliko mtu anayetamka neno la Kiingereza bila kulibadili katikati ya sentensi ya Kiswahili.

Injini hupandishwa mwisho, na jambo moja dogo hapa huwatofautisha mafundi. Waya mnene unaounganisha injini na bodi, ambao karakana huuita *athi*, hauna budi kugusa chuma kitupu. Palipopakwa rangi nzuri kila mahali, umeme hukosa njia ya kurudi, taa hufifia na stata hugoma. Fundi hukwangua rangi yake mwenyewe kwa upana wa sarafu, akafunga bolti, kisha akapaka grisi juu ili kutu isirudi.

Hitimisho

Ushahidi uliotolewa unaonyesha kwamba chumba cha injini cha gari moja kina ndani yake jahazi la pwani, Mreno, Mwarabu, Mwajemi, fundi wa reli na kambi ya jeshi. Unaonyesha pia kwamba wageni hao wote walipokewa kwa kanuni. Vitenzi, kauli na ngeli vilibaki mikononi mwa wenyeji. Kwa hiyo dai la kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kueleza mitambo limekanushwa na kazi yenyewe, ambayo imekuwa ikifanywa na kufundishwa kwa lugha hiyo kwa muda mrefu.

Haimaanishi kwamba karakana inajitosheleza. Ina majina ya viungo na vitendo kwa wingi, lakini istilahi za nadharia, kama vile *shinikizo* na *mwako*, zimetoka kwa wataalamu, nazo ni nzuri na zinahitajika. Kasoro ni kwamba pande hizi mbili hazijakutana vya kutosha. Katika vyuo vya ufundi nchini Kenya lugha ya kufundishia ni Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kijana anayeweza kueleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini athi haipakwi rangi anaweza kuonekana mjinga akitakiwa kueleza hilo kwa lugha asiyoimudu. Hasara si yake peke yake. Ni ya lugha pia, kwa kuwa ujuzi usiofika darasani hauandikwi.

Wakati nao haungoji. Magari yenye kabureta yanapungua, na mafundi waliojifunza kwayo wanazeeka. Kamusi zinaweza kuhifadhi neno na maana yake, lakini haziwezi kuhifadhi mpangilio wa kazi ambamo neno hilo liliishi, isipokuwa watu wa idara za lugha waende karakana na daftari. Wakienda, inafaa wawe na hekima ya yule fundi mzee. Mwanaistilahi anayetaka kukifanya Kiswahili king'ae kwa kufuta kila neno lenye sura ya kigeni, na kulijaza pengo kwa neno alilolibuni mezani, hana budi kuuliza kwanza neno lile lilikuwa linapitisha nini. *Pampu* na *bomba* zimekwisha gawana kazi, na *kuchomelea* na *kulehemu* vivyo hivyo. Anayeondoa moja kwa jina la usafi huziba njia ya maji.